Nyumba Iliyopambwa kwa Vidole

Nitasema wazi: nyumba nzuri kuliko zote nilizowahi kuingia ni ile yetu ya mtaa wa Jericho, vyumba viwili vya kupanga vya kaunsili ya jiji na jiko la kugeukia kwa shida. Nimeshakalia makochi ya wenye nacho, na bado nasema hivyo. Anayebisha abishe.

Kabla susu hajaja, yaani mama yake baba, nyumba hiyo ilikuwa fahari ya mama. Viti vilivikwa ngozi ya plastiki, juu yake vitambaa vyeupe alivyofuma mwenyewe, na sakafuni karatasi ya plastiki yenye maua mekundu. Sisi watoto tuliketi chini. Viti vilikuwa vya wageni. Baba alikuwa mchongaji wa twiga na vifaru vya kuuzia watalii, lakini kwake hungekuta hata mwiko aliouchonga. Mama alisema vitu vya miti ni ushamba.

Susu alikuwa amepofuka macho baada ya kufiwa na mumewe. Kule Ukambani alishinda peke yake, na siku moja akaunguza mkono mekoni akitafuta chakula. Ndipo baba mdogo akamleta kwetu. "Nitarudi tukimaliza kuvuna," alisema. "Akisema hataki kukaa, namrudisha. Siwezi kumlazimisha mama yangu." Sote tulijua kurudi kwenyewe ni kurudi kwenye moto ule.

Na kweli, susu hakutaka. Karatasi ilimtelezesha. Viti, meza, kabati, vyote vilikuwa baridi na laini sawasawa. Akipapasa hajui ameshika nini. "Nyumba hii haina pa kushika," alisema, akajikalia kitandani mchana kutwa. Iliniuma sana. Mwanamke aliyelima mashamba yake mwenyewe, leo anaomba kushikwa mkono aende msalani!

Jumamosi moja baba akaikunja ile karatasi ya maua. Mama aliitazama ikikunjwa hadi mwisho. "Watu wa kanisa wakija watasemaje?" aliuliza mwishowe.

"Watasema mama yangu anatembea," baba akajibu.

Alitandika mkeka mwembamba wa katani kutoka kitandani mwa susu hadi jikoni, na mwingine hadi mlango wa nje. Unyayo ukigusa saruji, umepotea njia. Rudi kwenye katani. Akatengeneza kiti cha mti chenye egemeo, kikalio chake ni ngozi ya ng'ombe yenye manyoya yake. Kisha kila kitu akakichongea alama ya kushikwa: ukingoni mwa meza mistari, kwenye kabati ndege mdogo, kwenye nguzo ya kitanda kobe.

Sasa, mchongaji ni mchongaji. Kile kiti akakimalizia kama anavyomalizia vifaru vyake, kwa rangi ya viatu, ile ya kiwi, akakisugua hadi kikang'aa. Jumapili susu akakaa juu yake kungoja kwenda kanisani, na gauni lake jeupe. Aliposimama, mgongo wote kahawia! Kaka yangu akashindwa kujizuia, akamwonyesha baba kidole: "Buda amempiga susu kiwi!"

Mama alicheka hadi akashika ukuta. Susu alipoelezwa naye akacheka, na akauliza kama angalau anang'aa. Jioni ile mama alichukua msasa bila kuambiwa, akaketi kando ya baba, wakakikwangua kiti chote mpaka mti ukabaki mtupu. Wakaupaka mafuta ya nyonyo. Wiki iliyofuata mama akavua plastiki kwenye viti vyake mwenyewe, akashona mito ya pamba nzito, akaijaza sufi. Sote tukavikalia, hata sisi watoto. Ule ulaini wa sufi na ile harufu ya mti ndani ya nyumba, jamani, nashukuru mpaka leo kwamba nililelewa ndani yake.

Baba mdogo alikuja baada ya mavuno, na gunia la mbaazi begani. Susu alikuwa jikoni. Akatoka na kikombe cha chai mkononi, miguu kwenye katani, mkono mwingine ukiambaa meza, polepole, hakuna aliyemshika. Akampa mwanawe chai.

"Vua viatu," alimwambia. "Unanichafulia njia."

Baba mdogo akavua. Akapiga funda moja, akamtazama baba, kisha akasema alichokuja kusema. "Mama, tumemaliza kuvuna. Kesho tunaondoka?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo, hapangusi chochote.

"Utaondoka wewe," susu akasema. "Halafu uniletee nguo zangu zilizobaki. Zote."

Mama ndiye aliyeanza kulia, kabla ya baba.