Kilio cha Incoronata kwa Mume Aliye Hai

Basi liliponishusha Montelauro, huko Lucania, kusini mwa Italia, niliwakuta wanaume wamejazana kwa kinyozi Vito, sabuni inawakaukia mashavuni, naye ameshika gazeti kuukuu badala ya wembe.

"Huyu mhakiki wa Roma anasema filamu iliyopigwa hapa kwetu ni saa tatu za mahameli, vinara na mabusu," alisoma. "Wote wanaigiza, isipokuwa mwanamke mmoja wa kitambaa cheusi anayemlilia yule mtawala jenezani."

"Na wa Milano?"

"Wa Milano anasema mwanamke huyohuyo ndiye aliyeiharibu. Eti analia kama mtu aliyepotea njia, akaingia msiba usio wake."

Walicheka, kisha Vito akalikunja gazeti haraka. Mwanamke mwenyewe, Incoronata, alikuwa anapita nje na ndoo.

Incoronata ndiye anayeitwa kwenye kila msiba mjini pale. Kwao maiti haliliwi bila kutajwa jina. Asiyetajwa hatajua kwamba anayeondoka ni yeye. Watu wa filamu walipokuja na farasi na magauni yao, walimwambia amlilie mtawala. Jina hawakumpa.

"Asubuhi nilimwona huyo mtawala wao anakula mkate na soseji," aliniambia pale bombani. "Nimlilie vipi? Mdomo ukatafuta jina, ukaleta la Canio."

Canio ni mumewe, yuko kiwandani Torino, mzima wa afya. Wahakiki hawakuijua lahaja ya kwao, wakasikia kilio tu. Lakini Canio aliitazama filamu ile akiwa na vijana wa nyumbani, wamekaa safu moja, na wote walisikia ni nani anayeliliwa. Krismasi hakuja. Salamu zikakatika, mpaka alipomtuma binamu yake: "Mwambie mjane wangu sijambo."

"Si ulikuwa unaigiza tu?" jirani yake Filumena alimuuliza. "Mwambie hivyo, yaishe."

"Nilianza kwa kuigiza."

"Halafu?"

"Halafu nikaona kweli amekufa. Nikaitaja mikono yake, viatu vyake, anavyokoroma. Sijawahi kumkumbuka vile. Sasa hata sielewi, mwenzangu. Nilikuwa nampenda au nilikuwa namzika?"

"Muulize yule wa Roma."

"Nimewasikia wote wawili. Wamenivuruga zaidi."

Kesho yake Incoronata alikuwa kituoni, safari ya Torino, na jibini ya mbuzi ndani ya furushi. Kichwani alijifunga kitambaa cha buluu cha Filumena, maana yeye hakuwa na nguo isiyo nyeusi tangu mamaye afariki. Vito alitoka mlangoni kumuaga.

"Ukifika utamwambia nini, mama?"

"Sijui. Nitamwita jina lake, nione kama ataitika."

Akapanda. Dereva aliniuliza kama nami naondoka, nikatikisa kichwa. Basi lilipopotea kwenye kona, Filumena alinigeukia.

"Wewe uliyetembea sana," alisema, "mume aliyekwisha kuliliwa, huwa anafungua mlango?"