Kwa Nini Alikuwa Anageuka

Ukocha niliupata kwa sababu ya traksuti. Niliinunua kwenye mitumba ya Mabatini, ya bluu, yenye jina la nchi ya mbali mgongoni, na Jumamosi moja nikaivaa kwenda shuleni kusahihisha mitihani. Mkuu wetu wa shule akaniona napita dirishani kwake. Jumatatu kwenye kikao akatangaza kwamba shule hatimaye imepata mwalimu wa riadha, na wenzangu wakapiga makofi haraka sana, kama watu walioponea chupuchupu.

Mimi nafundisha Uraia. Mara ya mwisho kukimbia kwa dhati nilikuwa darasa la sita, na aliyenikimbiza alikuwa mbwa. Lakini sikukanusha. Kuvikwa kilemba cha ukoka kuna raha yake, hasa kwa kichwa kilichokaa miaka mingi bila kofia yoyote.

Nilijifunza kazi kwa bando la wiki. Wenzangu wakinywa chai ya saa nne, mimi nilikuwa kwenye kona ya ofisi ya walimu natazama video za makocha wa nje. Wengi wao walikuwa wapole ajabu. Walikuwa wanasimamisha mazoezi na kumuuliza mwanariadha, umejisikiaje, umeona nini, wewe unadhani tatizo liko wapi. Sehemu hizo nilikuwa naziruka ili kuokoa bando.

Nilichokuwa nacho tayari ni sauti. Nimezaliwa upande wa Mara, kwenye nyumba ya wavuvi, na mama yangu aliweza kumwita mtu aliyeko mtumbwini bila yeye kutoka jikoni. Hiyo sauti ndiyo urithi wangu. Mashamba walichukua kaka zangu. Uwanja wa shule yetu umekaa chini ya miamba, kwa hiyo kila nilichosema kilirudi, na mwanafunzi akikosea alikuwa anagombezwa mara mbili kwa kosa moja. Fimbo sikushika hata siku moja. Nilijisifia sana jambo hilo, nikijiona mwalimu wa kisasa.

Timu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya wasichana wanne wa mbio za kupokezana kijiti. Kila mmoja anakimbia mita mia, kijiti kinapita kutoka mkono hadi mkono, na chetu kilikuwa kipande cha bomba la maji. Siri ya mbio hizi ni pale pa kupokezana. Anayepokea anaanza kukimbia kabla mwenzake hajamfikia, ananyoosha mkono nyuma, na hageuki. Akigeuka tu, mwendo unakufa, na anayetoka nyuma lazima apunguze.

Msichana wangu wa mwisho alikuwa wa kidato cha pili, anakaa na bibi yake Usagara, nje ya mji. Alikuwa na mbio kuliko msichana yeyote pale shuleni. Ukimpa kijiti akiwa wa nne, anamaliza wa kwanza, na nywele za walinzi wa uwanja zinasimama. Tatizo lilikuwa moja: alikuwa anageuka. Mwenzake wa tatu, dada mkuu wa kidato cha nne, alikuwa anakuja kwa kasi yote, mimi nikikimbia pembeni yake nikipiga kelele, "Mpe! Mpe! Nyoosha mkono! Usigeuke!" Na yule mtoto, mara zote, alikuwa anageuka mwili mzima, anapokea kijiti kwa mikono miwili, na goti linapinda kidogo. Ndipo anaondoka, wakati wapinzani wameshamwonyesha mgongo.

Kwenye mashindano ya kirafiki tulifika pale pa mwisho tukiwa wa kwanza, tukaondoka tukiwa wa nne. Mkuu wa shule aliniita. Mashindano ya mkoa yalikuwa wiki mbili mbele, na orodha ya majina ilitakiwa Jumatatu.

"Mwalimu, huyu mtoto anatuangusha," alisema. "Kama harekebishiki, weka yule wa kidato cha tatu. Yule hana mbio, lakini hageuki."

Nikasema nitalifanyia kazi. Kumbe kichwani nilishalifanyia kazi lote: nilikuwa na maelezo ya kitaalamu. Nilimweleza mwalimu wa Jiografia, ambaye meza yake inapakana na yangu na kwa hiyo hana pa kukimbilia. Nikamwambia watoto wetu wamelelewa kupokea kitu kutoka kwa mkubwa kwa mikono miwili, macho yakimtazama anayetoa, na msichana wa Kisukuma anapiga goti kabisa. Kijiti kinapokelewa kwa mkono mmoja, tena wa kushoto, mgongo umempa mkubwa wako. Huu, nikasema, ni mgogoro wa mila na michezo. Nililipenda sana hilo neno, mgogoro.

"Mbona wenzake wawili wanapokea vizuri?" akauliza.

"Hao ni wa mjini," nikamjibu. "Mmoja Mabatini, mwingine Mkolani. Huyu ni wa kwa bibi."

Mwenzangu akarudi kwenye ramani zake. Mimi nikachukua ukimya wake kuwa pongezi. Jina la yule wa kidato cha tatu nikaliandika kwenye orodha kwa penseli, nikajiambia kwamba kabla ya kulipitia kwa kalamu ya wino nitamtendea haki mtoto wa watu: nitakwenda Usagara kumwomba bibi yake amruhusu kuweka adabu pembeni kwa sekunde kumi na nne.

Nilikwenda Jumamosi, nimevaa traksuti ili nieleweke. Bibi alikuwa uani anaanika michembe juu ya turubai. Nilimwamkia shikamoo, akanijibu, "Marahaba baba, karibu," akanivutia kigoda. Nilianza hotuba niliyoiandaa njia nzima. Nilisifu malezi. Nilisifu mila. Nilisema taifa linahitaji adabu, lakini pia linahitaji medali. Bibi aliendelea kupanga viazi vyake vilivyokatwa, akiitikia "ehe" kila nilipovuta pumzi, na mimi kila "ehe" iliniongezea dakika mbili.

Nikiwa katikati ya taifa, mtoto mwenyewe akatokea nyuma ya nyumba na ndoo ya maji mkono wa kulia. Bibi akanyanyua ungo mdogo wa karanga bila kumtazama, ili apeleke ndani. Yule binti hakusimama wala hakugeuza shingo. Alipita kasi ileile, mkono wa kushoto ukanyooka nyuma, ungo ukaingia kiganjani, akatokomea mlangoni. Karanga haikudondoka hata moja.

Kupokea kwa namna ile sijawahi kuona uwanjani kwangu, na kwenye simu nimeona mara chache.

"Huyo ndiye unasema ana adabu nyingi?" bibi akauliza. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Huyo ananipokonya sahani sijaiachia. Nimesema nimechoka. Sasa huko shuleni anageuka kumwangalia nani?"

"Anamwangalia mwenzake anayekuja na kijiti," nikasema, lakini mgogoro wangu ulikuwa tayari unavuja.

Bibi akamwita. Binti akaja, akaniamkia, akasimama akichora chini kwa kidole cha mguu.

"Mwambie mwalimu wako. Unageuka kuangalia nini?"

Kidole cha mguu kikaendelea kuchora.

"Sema, mwanangu," nikamhimiza.

"Mwalimu, usikasirike."

"Sijakasirika!" nikasema, na kuku wawili waliokuwa karibu na turubai wakakimbilia jikoni.

Alinitazama usoni haraka, kisha akatazama chini. Hapo ndipo nilipouona mtazamo ule wa woga kwa mara ya kwanza, ingawa nilikuwa nimeonyeshwa kila saa kumi jioni kwa miezi miwili.

"Nageuka kuangalia kama umekasirika," akasema. "Ukija na dada unapiga kelele, nasahau kijiti. Nakishika kwa mikono miwili kisianguke. Kikianguka utanigombeza."

"Na goti?"

"Miguu inakosa nguvu, mwalimu."

Bibi hakucheka tena. Aliinama kwenye michembe yake, akaniacha nimalizane na nafsi yangu, na hiyo ilikuwa heshima kubwa ambayo sikuistahili. Niliona aibu. Mtoto mwenye mbio kuliko wote alikuwa anatolewa timuni kwa kosa langu, na hilo kosa nilikuwa nimelitungia nadharia na kuitembeza ofisi ya walimu. Nyani haoni kundule, lakini angalau nyani haendi Usagara kulihutubia.

Nikamuuliza swali ambalo makocha wa kwenye video walikuwa wanauliza, na mimi nikiliruka kwa kidole kuokoa bando.

"Wewe unadhani tufanyeje?"

Alifikiri. "Mwalimu, samahani. Ukae mbali."

Jumatatu nilifuta jina la kidato cha tatu na kuandika lake kwa wino. Mkuu wa shule aliuliza kama amerekebishika. Nikasema anayerekebishwa ni mwingine, na bado hali yake si nzuri.

Haikuwa nzuri kweli. Siku ya kwanza ya kukaa mbali nilikaa hatua kumi, mdomo nimeufunga kwa kiganja, lakini nilikuwa narusha mikono kama mtu anayefukuza nyuki, na yeye akageuka. Siku ya pili nilikaa nyuma ya mwamba, nikachungulia, na traksuti ya bluu ikaonekana. Akageuka. Siku ya tatu nilimwachia mwalimu wa Jiografia saa na filimbi, nikaenda kukaa ofisini na madaftari. Nilisahihisha daftari moja kwa saa nzima. Masikio yangu yote yalikuwa uwanjani.

Jioni nilipita kukagua. Alama ya majivu niliyoichora, ile inayomwonyesha anayepokea aanze kukimbia mwenzake akifika wapi, ilikuwa imefutwa. Nilikuwa nimeipima kwa kufuata video za kwenye simu, hatua ishirini kamili. Wasichana walikuwa wameisogeza mpaka kumi na sita, wenyewe, baada ya kujaribu na kubishana. Mwalimu wa Jiografia aliniambia yeye hakufundisha chochote, alikuwa anawauliza tu iko mbali au iko karibu. Nilitaka kuwaeleza kwa nini ishirini ndiyo sahihi. Nikaondoka kabla mdomo haujafunguka.

Siku ya mashindano, timu ikiwa inanyoosha viungo, binti wa Usagara alinijia.

"Mwalimu, samahani. Utakaa wapi?"

Nikamwonyesha nje ya uzio, kwa muuza miwa. Akatazama, akapima umbali, akakubali.

Kwa hiyo mbio za mchujo za timu yangu niliziona kwa masikio. Muuza miwa alinimenyea kipande, nikakishika bila kula. Nilisikia mlio wa kuanzia, nikasikia uwanja unapanda sauti, nikajua wa pili ameshampa wa tatu. Muuza miwa akaniuliza kama nina mgonjwa mle ndani. Nikamwambia ninaye. Kisha zikaja zile sekunde za pale pa mwisho, na mimi, mtu wa sauti, nilikuwa nimeuma muwa na ganda lake ili nisimwite.

Mwalimu wa Jiografia alinijia anakimbia, simu mkononi. Tumeingia fainali, wa pili kwenye kundi letu. Akanionyesha video. Dada mkuu anakuja kama anafukuzwa. Mdogo wake anaondoka mapema, mkono wa kushoto unanyooka nyuma, kijiti kinaingia kiganjani, na uso wake wakati wote uko mbele. Niliirudia mara nne bila kujali bando la mtu. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga, na papo hapo iliniuma, kwa sababu katika video yote hakuna mahali pengo langu lilipoonekana.

Yeye mwenyewe akaja uzioni, jasho linamtiririka, anahema.

"Mwalimu, umeona?"

"Nimeona. Umekimbia vizuri sana."

"Ahsante, mwalimu. Fainali ni saa nane." Akasita kidogo, kwa adabu. "Muuza miwa atakuwa bado yupo?"

Nikamwambia yupo, na mimi nitakuwepo hapa hapa. Alishukuru kwa furaha ambayo sikuwahi kumpa hata siku moja nilipokuwa namfundisha.