Choo cha Bibi Juu ya Kisima

Juzi nilipita Bwera, pale kilipokuwa kisima chetu cha pampu. Mpini umeng'olewa na majani yameota kwenye saruji. Nilisimama nikacheka peke yangu, rafiki yangu, maana hapo ndipo bibi yangu alipotutawala.

Kijiji kilimchagua awe mlinzi wa kisima. Viatu ulivua mbali, jerikeni ulisugua kwanza, na mbuzi wako akisogea, ole wako. "Maji haina mudomo," alizoea kusema. "Mudomo yake ni mimi." Hata askari wa kambi ya jeshi ya jirani aliyekuja kufua sare alifukuzwa, afande akaondoka na povu lake mikononi. Jioni tulikula ugali wa muhogo na sombe, yale majani yake ya kutwangwa, huku pampu ikilia kwii, kwii, nami nikijiona mjukuu wa malkia.

Msimu mmoja wa mvua watoto wengi tuliharisha. Bwana afya akaja na pikipiki, akajaza maji kwenye vichupa vyake, akaenda kuyapima. Aliporudi alisema yana uchafu wa choo. Bibi akaanza kutaja vyoo vya majirani, kimoja kimoja. Bwana afya alimwacha amalize, kisha akanyoosha kidole mlimani.

"Mama, choo iko juu ya kisima ni moja tu. Ni ya kwako."

Choo kile kipya! Chenye bati na mlango wa bawaba, alichokijenga kwa kahawa ya misimu miwili! Nyani haoni kundule. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nililia. Nilijua akikibakiza, hakuna atakayemsikiliza tena pale kisimani, na sisi tutaendelea kuugua.

Bibi aliingia ndani, akatoka na jembe, akaanza kukibomoa choo, mlango kwanza. Kufikia jioni shimo lilikuwa limefukiwa. Kisima kikatiwa dawa, tukachemsha maji miezi mingi, na choo tukaazima kwa jirani, mama aliyetoka Butembo, aliyeuza vitenge mpakani Mpondwe. Bibi alikuwa amemkaripia jirani huyo mara mia kuhusu choo hicho hicho.

"Mukuye tu, mama," alisema jirani akitukaribisha, huku akijizuia kucheka. "Choo ni ya sisi wote."

Vichupa vilipokuja tena, maji yalikuwa safi. Hakuna aliyebisha tena kuvua viatu.

Siku hizi Bwera ina mabomba ya maji, na nafurahi kwamba watoto hawabebi jerikeni. Nikiuliza nani anayalinda maji, naambiwa kuna ofisi. Labda inayapima vizuri kuliko zamani. Lakini mimi nililelewa na mlinzi aliyebomoa cha kwake kwanza, mbele ya waliomcheka, ili sisi tupone.