Kesi ya Kijana wa Kwenye Hadithi

Karasha ikianza kusaga mawe ya dhahabu, mlio wake huniingia mpaka kwenye meno. Hata leo nikiusikia hapa Matongo nachoka kabla sijashika kazi yoyote, maana unanirudisha darasa la sita: vumbi jeupe juu ya madawati, na nusu yetu tunasinzia kwa sababu alfajiri tulikuwa tunaponda mawe na mama zetu.

Mwalimu Neema ndiye aliyetufundisha kuchambua hadithi. Maskini, alikuwa amechoka kuliko sisi. Siku hiyo alitusomea habari za kijana aliyeacha ng'ombe wa baba yake porini akaenda kuchimba dhahabu, nyuma yake ng'ombe wakaibwa. Akauliza, "Haya, huyu ni mhusika wa namna gani?"

Wee! Sisi ni Wakurya. Ukitaja ng'ombe walioibwa umeshaitisha baraza la wazee. Chacha wa dawati la nyuma alisimama, rula mkononi kama fimbo. "Mwalimu, huyo ana kosa. Alipe ng'ombe, na nyumbani asirudi." Darasa zima likagonga madawati.

Mwalimu akajishika kichwa. "Jamani, nimewaomba mchambue, ninyi mnahukumu!"

Mimi sikugonga. Kaka yangu Marwa alikuwa amefanya hivyo hivyo, na baba aliapa kwamba Marwa hatakanyaga tena nyumbani kwetu.

"Someni tena," Mwalimu akasema. "Kabla hajaondoka, hadithi inasemaje? Nionyesheni kwa kidole."

Tukasoma kwa uvivu. Mimi ndiye niliyeweka kidole: kijana hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana yake. Mstari mfupi tu, na sote tulikuwa tumeuruka. Hata Chacha aliketi.

Nilirudi nyumbani mbio, nikijua nimepata cha kumrudisha kaka yangu. Baba alikuwa anafunga fito kwenye zizi tupu.

"Shikamoo baba. Siku ile Marwa alipoondoka, alikuwa amekula?"

Baba akaendelea kukaza fito. Mama, aliyekuwa anaponda mawe pembeni, ndiye aliyejibu bila kuinua kichwa: "Hakula."

Baba akatupa fito chini, akanifokea nikachote maji. Nililia njia nzima. Nilidhani sikueleza vizuri, kwamba Mwalimu Neema angekuwepo baba angeelewa.

Miaka mingi baadaye, tulipokwisha kumzika baba, mama alinieleza tukiwa tunaosha vyombo. Siku ile kulikuwa na ugali wa mtu mmoja tu nyumbani, na baba aliula wote, kijana wake akiwa amesimama mlangoni na fimbo ya kuchungia. Ng'ombe walikuwa kisingizio. Baba alikuwa anaogopa kumtazama mtoto wake usoni, na Marwa, huko aliko, mpaka leo anadhani anadaiwa ng'ombe.