Riwaya Zisizo na Msiba

Leo nimeungama mbele ya mchungaji, na binti yangu akacheka mpaka akakaa chini.

Mchungaji alikuja hapa Kimandolu kunipa ushirika, maana kanisani sifiki tena. Akauliza kama kuna jambo linanielemea kabla sijaondoka duniani.

Nikasema lipo.

Neema, binti yangu, hunisomea riwaya mpya za upelelezi kila alasiri, nami husifia zote. Kweli ni kwamba zinanichosha. Mtu anauawa ukurasa wa kwanza, na mpaka mwisho hakuna jirani anayekuja kumlilia, wala kuwapikia wafiwa chai. Ni kufukuzana kwa magari tu!

Kumbe Neema alikuwa mlangoni.

Nikaogopa. Nikizikataa riwaya, si nitamkosa na yeye?

"Mama! Hata mimi zinanichosha. Nilidhani wewe ndiye unayezipenda!"

"Sasa utakuja kufanya nini?"

"Kukaa na wewe. Kwani nilikuwa nawafuata maiti?"

Mchungaji naye akashindwa kujizuia. Ushirika ulichelewa kwa kicheko.

Nimepumua, jamani. Kama mnaijua riwaya ambamo marehemu analiliwa, tuandikieni hapa.

Ila fanyeni upesi.