Donge la Namutebi

Asubuhi ile mke wangu alichota maji ya mtungi, akaonja, akasema, "Bado hayajapoa." Mimi nilikuwa napanga kuni kwenye tanuri. Kesho yake homa ikamshika, na siku ya nne tukamzika.

Tulioka mikate Malakia, mtaa wa Juba, mimi na mke wangu Namutebi. Moto wangu, unga wake. Kila siku alibakiza donge la unga uliokandwa, akalilisha unga na maji, na kesho yake likaumua mikate mipya. Chachu ya dukani aliikataa. Alisema joto la Juba linaikimbiza, mkate unapanda mbio na kuanguka.

Mambo ya donge alifundishwa kwa simu na Priscilla, mwenye kiwanda kidogo cha mikate Eldoret. Hawakuonana hata siku moja. Baadaye akaingia Edrine, mwoka mikate wa Gulu. Kila asubuhi wanatumiana sauti, simu ya mama, ndivyo nilivyomwita mke wangu, imekaa juu ya gunia. Edrine anawaambia ni unga gani umeharibika mwezi huu. Mama anacheka, "Priscilla, wewe unalia na baridi, mimi nalia na joto. Tubadilishane basi!"

Mimi nilinuna. Edrine alipokuja kuona tanuri letu, mama alimpa kipande cha donge ndani ya kopo. Alipoondoka nikasema, "Mama, unagawa mkate wetu? Kesho huyo atafungua hapa Malakia." Akanijibu. Nikarudi kwenye kuni zangu.

Watu wa msiba walipokwenda, nilisafisha nyumba. Ndani ya beseni lake nikakuta kitu cha kijivu, kinanuka. Donge nililolijua lilikuwa jeupe. Nikaona ni uchafu. Nikasugua beseni kwa mchanga, nikalianika juani. Nilijiona nimemheshimu.

Nilipoanza kukanda, mikate ikatoka kama tofali. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mathiang, jirani yetu, akaubonyeza mmoja.

"Mzee Ponsiano, huu ni wa kula au wa kujenga?"

Nikacheka naye. Alipoondoka nikakaa juu ya gunia. Ndipo nilipofahamu nilichokisugua: donge lenyewe, lililokaa siku zote zile bila kulishwa. Kalas, imekwisha. Kazi ya mama ilikuwa imefia mikononi mwangu, na ndani hamna wa kumwambia.

Sijui kusoma. Simu yake ina picha za watu. Nikabonyeza uso wa Edrine, nikasema, "Edrine, nimetupa donge la mama."

Akajibu kwa sauti. "Muzee, pole sana. Usilie. Ile ya mama iko hapa, mimi nalisha kila siku. Ngoja basi ya kesho."

Basi likafika. Dereva akashuka na kopo, kifuniko kimeruka, unga umemtapakaa shatini.

"Mzee, mzigo gani huu? Unapumua! Toka Nimule nakaa nao vitani!"

Nililisha donge siku mbili, kama nilivyomwona akifanya. Jana mkate ulipanda. Mathiang akachukua minne. Nikakata mmoja, nikamimina chai vikombe viwili, mazoea. Cha pili kikapoa.

Nikaikumbuka ile siku ya Edrine, nimenuna pale mlangoni. Mama alinipangusa unga shavuni kwa kidole, akasema:

"Acha aende nalo, mzee wangu. Siku sisi tukilipoteza, tutajua mlango wa kubisha."