Theluji Iliyompita Kichwa

Kuna majira ya baridi ambayo nilijua hali ya theluji ya mlima mmoja wa Ufaransa kuliko nilivyojua hali ya mafuta ndani ya gari langu. Mlima wenyewe sijaukanyaga mpaka leo. Kila asubuhi, kabla sijatoka Erdington kwenda kazini kwenye karakana ya treni kule Tyseley, nilifungua simu nikasoma: theluji ya chini ya mlima kina chake kadhaa, ya juu kadhaa, mpya iliyoanguka, lifti zilizo wazi, hatari ya maporomoko. Kisha nikatangaza matokeo jikoni kama msomaji wa taarifa ya habari, na hapakuwa na mtu aliyeniuliza.

Sababu ilikuwa binti yangu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na shule yao iliandaa safari ya kwenda huko kujifunza kuteleza kwa zile mbao ndefu zinazofungwa miguuni. Huyu ni mtoto asiyeomba kitu. Ukimpa koti la binamu yake analivaa, na ukimwambia safari ya Tanga imeahirishwa tena anasema sawa. Siku aliyoleta habari ya safari hii alisimama mlangoni na mkoba bado mgongoni, akasema, "Dad, I really want this one." Mimi na mama yake tukatazamana, maana hatukuwa tumezoea. Tulikubali papo hapo. Hofu ilinijia baadaye, nilipobaki peke yangu na simu.

Hapa ni vizuri nieleze utaalamu wangu. Nimezaliwa na kukulia Tanga, na barafu niliyoijua utotoni ni ile ya ubuyu inayouzwa kwenye kifuko cha plastiki. Majira yangu ya kwanza Birmingham, theluji ilipoganda kwenye ngazi za mlangoni, nilichemsha maji birika zima nikayamwaga juu yake. Ikayeyuka mara moja. Niliingia ndani nimejaa fahari, nikajiuliza Waingereza hawa wamekaa na baridi miaka yote hii bila kuwaza jambo rahisi kama hilo. Saa moja baadaye mke wangu alitoka kwenda dukani na kukuta ngazi zimekuwa kioo. Mke wangu ni Msomali aliyelelewa Nairobi, hasahau jambo, na mgongo wake nao haujasahau.

Basi mtu huyo ndiye aliyejipa kazi ya kusoma hali ya theluji. Nilisoma hatari ya maporomoko kuwa mbili katika tano, na mbili hiyo nikaielewa kama mzazi yeyote, yaani ipo. Nilitazama kamera waliyoiweka mlimani, nikaona weupe mtupu juu mpaka chini, nikamwambia mke wangu kijiji kimefunikwa. Kesho yake kijiji kilikuwepo. Kumbe ulikuwa ukungu.

"Wee mzee," akasema mke wangu, "juzi ulikuwa engineer wa ngazi, leo ni daktari wa snow?"

Halafu ikaja asubuhi ambayo taarifa ilisema theluji ya juu imefika sentimita mia moja na sitini. Kwenye mwimo wa mlango wa jikoni tuna alama za penseli tunapompimia mtoto. Nilikwenda kuziangalia. Mia moja na arobaini na nane.

Kwetu, mtu akikueleza habari ya maji anaonyesha kwa mkono kwenye mwili wake mwenyewe: yamefika magotini, yamefika kiunoni, yamefika kifuani. Akifikisha mkono shingoni, watu wanaanza kuhamisha watoto. Sijawahi kukutana na mtu anayepima mafuriko ili afurahi. Nilisimama pale mlangoni nimeweka mkono juu ya alama ya mwanangu, nikaupandisha mpaka nilipokadiria theluji imefika. Nikamrekodia mama yangu ujumbe wa sauti: "Mama, shikamoo. Mjukuu wako anapelekwa mahali theluji imempita kichwa. Tuombee."

Mama yangu si mtu wa kuambiwa tuombee akaishia kusema amina. Aliita wanawake wa mtaa, wakakaa kisomo, Yasini arubaini na moja, na mikate ya kumimina ikapikwa. Nia ilikuwa moja tu: theluji ishuke. Aliponiambia nilimsihi jambo moja, wasifikie kisomo cha kulaani. "Mama, isiwe halbadiri. Kuna watoto wa watu kule."

"Mimi si mwendawazimu," akasema. "Tunaipunguza tu."

Wiki hiyohiyo shule iliita mkutano wa wazazi, nikaenda na binti yangu. Mwalimu wa michezo alionyesha picha, akaeleza kuhusu glavu na kofia ngumu, kisha akauliza kama kuna swali. Wazazi wenzangu waliuliza habari ya chakula na simu. Mimi nilisimama. Nilisema kwa Kiingereza changu kizuri, kile ninachokiweka kwa ajili ya mameneja na polisi, kwamba mwanangu ana urefu huu, na theluji kwa mujibu wa taarifa rasmi ina kina hiki, kwa hiyo ningependa kujua shule imeandaa nini kuhusu tofauti hiyo.

Mwalimu alinijibu kwa upole, kama anayeongea na mgonjwa. Alisema theluji ile hushindiliwa na mashine mpaka inakuwa ngumu kama barabara, na watoto wanapita juu yake, hawazami ndani. Akasema kina kikubwa ndiyo habari njema, maana mawe na visiki vinabaki chini. Cha kuogopa ni theluji haba. Mzazi mmoja nyuma yangu alikohoa ili asicheke. Binti yangu alikuwa ameshateleza kwenye kiti mpaka nikawa naona nywele tu.

Ndani ya gari alisema, "You asked if I'd sink, Dad. In front of everyone."

Mtu mwenye akili angempigia mama yake jioni hiyo akamwambia, basi, wasimamishe. Sikupiga. Niliona haya, maana wanawake wa watu walishakusanyika na mikate ilishaliwa. Na nitasema ukweli wote: bado niliogopa. Mwalimu alikuwa ameniondolea sababu ya hofu, hofu yenyewe akaniachia. Nikajiambia kisomo hakimdhuru mtu.

Siku chache baadaye upepo wa joto ukavuma kwenye ule mlima, na mvua ikafuata. Theluji ya chini ilishuka kila siku mpaka ikafika sifuri. Kwenye kamera niliona majani, na kando ya majani nikaona ng'ombe wa plastiki wa kupigia picha, amesimama kwenye matope. Lifti zilifungwa moja baada ya nyingine. Kwa siku nzima niliona raha, nikaosha vyombo huku nikiimba. Kisha shule ikatuma ujumbe kwamba hali isipobadilika kabla ya siku ya kuondoka, safari itavunjwa.

Binti yangu hakulia mbele yetu. Alianza kuamka mapema, kuchukua simu yangu na kuisoma taarifa yeye mwenyewe, kimya, kisha akairudisha mezani ikiwa imelala kifudifudi. Asubuhi moja alikuwa ameishika ujumbe wa sauti ulipoingia. Akaubonyeza. Sauti ya mama yangu ikajaa jikoni.

"Mwanangu, imefika wapi leo? Jana ulisema haifiki hata magotini. Alhamdulillahi. Waambie wenzio kisomo kinafanya kazi. Alhamisi tunakaa tena, tuimalize."

Binti yangu Kiswahili anakisikia chote. Anajibu tu kwa Kiingereza. Alinitazama.

"Bibi is praying the snow away?"

Nikanyoosha mkono niichukue simu, hakunipa.

"Did you ask her to?"

"Nilimwambia isiwe halbadiri," nikasema, na mpaka leo sijui kwa nini niliona huo ni utetezi.

Mke wangu aliweka sufuria chini ili acheke vizuri. "Wee mzee, umeharibu mlima wa wenyewe. Kuna watu wako na mahoteli huko." Kisha akaona uso wa mtoto, akaacha kucheka.

"Call her," binti yangu akasema. "Tell her to stop."

"Mpigie wewe," nikamwambia. Nilisema hivyo kwa woga tu. Mimi na mama yangu tuna simu nyingi za aibu, sikutaka kuongeza nyingine. Na nilijua hataweza. Miaka yote mazungumzo yao yalikuwa kupungiana mikono kwenye video, bibi akisema good morning hata ikiwa jioni, mjukuu akicheka.

Akapiga.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo. Bibi." Alivuta pumzi, nikaona anayatafuta maneno darini. "Mimi nataka theluji. Nataka nyingi. Baba hajui kusoma. Theluji nyingi ni nzuri. Mimi sizami. Mimi nasimama juu."

Upande wa pili nilisikia kuku.

"Umeyasema mwenyewe hayo?" mama akauliza.

"Ndiyo."

"Basi nimesikia, mama. Nipe huyo asiyejua kusoma."

Nikaichukua simu. Sauti ilikuwa juu, wote wanasikia.

"Sasa unataka nimwambie nini Mola?" akasema. "Mungu si bomba, leo nifunge kesho nifungue."

"Nisamehe, mama."

"Siku ulipoondoka wewe nilisoma Yasini ndege isiruke."

Sikuwa nimewahi kulisikia hilo. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje, na wewe umeshavaa koti na jua lote lile? Niliomba iharibike ikiwa bado chini, msije mkaumia. Nikakaa nasikiliza. Ikaruka. Basi nikageuza maneno, nikasema, Mola wangu, kama lazima iruke, iruke vizuri." Akakohoa kidogo. "Nenda ukageuze na wewe."

Nililia. Mke wangu alikuwa na kitunguu mkononi, lakini hakuwa amekikata bado, kwa hiyo sina kisingizio.

Sisemi kilichofuata ni kwa sababu ya kisomo cha pili, kile cha Alhamisi ambacho mama alikigeuza nia theluji irudi, ingawa Tanga wanasema hivyo na wana mashahidi. Ilikuwa majira ya baridi, na baridi ilirudi mahali pake. Theluji ilianguka siku tatu mfululizo. Yule ng'ombe wa plastiki alifunikwa miguu, kisha tumbo, kisha zikabaki pembe. Lifti zikafunguliwa. Shule ikasema watoto wafunge mizigo.

Siku ya kuondoka nilisimama nje ya geti na wazazi wengine, wakiwemo wale wa mkutanoni. Mmoja aliniuliza, kwa adabu kabisa, leo theluji ina kina gani, nikamjibu kwa kirefu kabla sijagundua ananitania. Binti yangu alipanda basi bila kugeuka. Alikaa upande wa pili, nikaona kofia tu. Basi lilipokata kona nilisema yale maneno ya mama, kwa sauti, na sikujali nani ananisikia.

Kisha nikafungua simu, nikasoma taarifa ya siku hiyo, nikamrekodia mama ujumbe. "Mama, shikamoo. Ameondoka. Theluji imempita kichwa."

Jibu lilikuja kabla sijafika kwenye gari. "Alhamdulillahi," akasema mama yangu.